Nilivyoiunda Upya Treni ya Usiku ya Mombasa

Wahenga walinena kwamba kuona ni kuamini. Leo nitawapinga kidogo, kwa adabu, kwa sababu mtu aliyenifundisha kuunda treni haoni. Ni Babu yangu, mzaa mama, anayekaa Voi. Ugonjwa wa presha ya macho ulimnyang'anya jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, polepole kama mtu anayefunga mlango bila kutaka kusikika.

Kabla ya hayo, Babu alihudumu kwa zaidi ya miaka 20 katika behewa la chakula la treni ya usiku iliyotoka Nairobi jioni na kuingia Mombasa asubuhi. Likizo moja ya Aprili nilimkuta ameketi barazani, vidole vyake vikipapasa ukingo wa meza. Nikamwuliza anatafuta nini. Akajibu, "Nahesabu madirisha, mjukuu wangu. Nimeanza kuyasahau." Basi hapo ndipo kazi hii ilipoanzia. Wanachama wenzangu wamekuwa wakiniuliza ile "toi" niliyoileta chumba cha chama imetengenezwaje, na kwa nini inanichukua muda mrefu hivyo. Naomba nieleze.

Kwanza mjue kwamba jambo hili si la watoto. Kule Uingereza, Ujerumani na Marekani kuna watu wazima wenye mvi vichwani ambao kazi yao ya jioni ni kuunda reli na treni ndogo. Hawatengenezi treni yoyote tu. Mtu huchagua treni moja iliyokuwako kweli, aghalabu ile ya usiku yenye vitanda, akatafuta ilikuwa na mabehewa mangapi, yalifuatana vipi, injini gani ilitangulia, taa zake zilikuwa za rangi gani. Wenzetu hao wana bahati maana treni nyingi za kwao zinauzwa madukani zikiwa tayari. Ya kwetu sikuipata dukani. Ilibidi kadibodi, makopo na akili zifanye kazi.

Tuseme kidogo juu ya treni yenyewe, kwa faida ya vidato vya chini. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika Nairobi mwaka wa 1899 na Kisumu mwaka wa 1901. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa reli hiyo ni kama kilomita 530. Upana kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili, na kipimo hicho kikumbukeni, kitatufaa mbele. Kwa vizazi kadhaa abiria walilala ndani ya treni hiyo wakashuka pwani kumekucha. Mwaka wa 2017, mwezi wa Aprili, treni ya usiku ya reli hiyo ilikoma, na kuanzia Juni abiria wakahamia Madaraka Express kwenye reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Hiyo mpya ni ya kasi, sikatai, mtu hufika kwa saa tano au sita hivi. Lakini hupewi kitanda. Unakaa kitini na mkoba wako magotini.

Mimi niliipanda ile ya zamani mara moja tu nikiwa na miaka sita. Nakumbuka shuka baridi na sauti ya magurudumu. Mengine yote nilikuwa nimelala.

Sasa, kosa la kwanza. Nilianza na injini. Nani hangeanza na injini? Niliwahi kwenda na wenzangu wa Historia kwenye Jumba la Makumbusho la Reli pale Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1971, nikaiona Mount Gelai, injini ya mvuke nambari 5918. Lo! Ni dubwana la rangi ya damu ya mzee lenye uzito wa tani 252. Injini 34 za aina hiyo zilitengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya hamsini, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda kwenye reli yoyote ya upana wa mita moja duniani.

Umbo lake lina hekima ambayo lazima niieleze hata kama mwishowe sikuitumia. Injini ya kawaida hubeba boila juu ya magurudumu yake. Ukitaka nguvu zaidi unaongeza boila, boila ikiongezeka uzito unaongezeka, na reli nyembamba yenye kona nyingi haivumilii. Katika aina hii iitwayo Garratt, boila imening'inizwa katikati kama machela, huku na huku kukiwa na seti mbili za magurudumu zinazojipinda kila moja kivyake. Jumla ya magurudumu ni 28. Uzito umesambazwa, na urefu wote ule wa zaidi ya mita 31 unapita kwenye kona kama nyoka. Nilichora michoro kumi na mmoja. Nikakata mabati ya makopo ya mafuta ya kupikia. Nikajikata na kidole.

Kisha nikampelekea Babu habari kwa furaha. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hiyo ni treni ya nani?"

"Si ni yenu, Babu?"

"Yangu haikuwa na moshi huo. Mimi niliajiriwa mvuke ukiwa umekwisha."

Ama kweli haraka haina baraka. Injini za mvuke ziliondoka kazini kufikia mwanzo wa miaka ya themanini. Babu aliingia behewani baada ya hapo. Treni yake ilivutwa na injini ya dizeli, mara nyingi zile za aina ya 93 zilizotengenezwa na General Electric ya Marekani na kuletwa nchini mwishoni mwa miaka ya sabini. Ni sanduku refu tu lenye kibanda cha dereva, magurudumu 12, na kelele. Haina urembo wa Mount Gelai hata robo. Nilinuna siku mbili. Lakini huo ndio mpaka kati ya kuunda upya na kubuni: unachagua kwanza mwaka, kisha mwaka unakuchagulia yaliyobaki. Ukichukua injini ya mwaka wa 1956 ukaifungia behewa la mwaka wa 1990, hiyo ni treni ya ndotoni. Tukakubaliana na Babu: usiku mmoja wa mwaka wa 1990, kutoka Nairobi saa moja jioni.

Baada ya mwaka, kipimo. Hapa ndipo hesabu za uwiano tulizofundishwa zilipopata kazi. Wale wa ng'ambo wengi wao hutumia kipimo cha 1 kwa 87, yaani kila sentimita 87 za kitu halisi huwa sentimita moja. Mimi kwa urahisi wa hesabu nilichukua 1 kwa 80. Upana wa mita moja ukawa milimita 12.5. Nikaunda behewa zima la kadibodi, madirisha nikayakata kwa wembe, nikalipaka rangi. Lilikuwa zuri, nasema ukweli, mwalimu wa Sanaa alilisifu.

Babu alilishika. Akaligeuza mara mbili tatu. Vidole vyake ni vinene, vya mtu aliyebeba sinia maisha yake yote, na dirisha langu lilikuwa na upana usiofika hata ncha ya kidole. Akasema, "Ni zuri," kwa sauti ile ile anayotumia mgeni akimletea miwani. Hakuliona. Nililiweka kando, nikaanza upya kwa 1 kwa 40.

Kwa kipimo hiki reli ina upana wa milimita 25. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na urefu wa sentimita nne na kidogo, na behewa linazidi rula yako ya sentimita 30 kwa zaidi ya nusu tena. Kidole kinaingia dirishani. Kitanda kinaweza kupapaswa, godoro likajulikana kuwa godoro. Lakini hesabu hiyo hiyo inakutia adabu: kilomita 530 zikigawanywa kwa 40 ni kilomita 13 na robo. Kijiji chetu chote hakitoshi. Na ukitaka treni izunguke meza, kona lazima iwe pana. Wataalamu husema nusu kipenyo cha kona kiwe kama mara tatu ya urefu wa behewa, la sivyo mabehewa hugongana mabega na kuanguka. Kwangu mimi hiyo ingekuwa duara la karibu mita tatu. Mama angenifukuza.

Basi niliacha duara. Hata hivyo treni ya usiku haizunguki, huondoka mahali ikafika mahali. Nikatengeneza reli moja kwa moja juu ya mbao mbili, mita nne. Upande mmoja ni Nairobi, mwingine ni Mombasa.

Vipimo vya mabehewa nilivipataje? Kwa picha za zamani na kwa mwili wa binadamu. Ukiwa na picha ambayo mtu amesimama mlangoni, mtu huyo ndiye rula yako: mlango ni mtu na nusu kichwa, dirisha ni kutoka kiunoni hadi utosini, na kadhalika. Palipokosa picha, Babu alilala sakafuni akanionyesha kitanda kilimfika wapi. Nyanya alicheka mpaka akatoka nje.

Ndani ya mabehewa ndimo Babu alimonikosoa zaidi. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya watu wawili, kitanda chini na kitanda juu. Daraja la pili vyumba vya watu wanne, na wanaume hawakuchanganywa na wanawake isipokuwa jamaa wamekodi chumba kizima. Daraja la tatu ni viti tu, na huko ndiko walikokuwa watu wengi, vikapu, kuku na watoto. Mimi katika vyumba vya kulala nilikuwa nimepitisha ujia katikati, kama basi. Babu aliingiza kidole kupitia paa lililo wazi, akasimama. "Hapa umenifungia njia." Ujia hupita ubavuni, dirisha upande mmoja, milango ya vyumba upande mwingine. Nikabomoa kuta zote, gundi ilikuwa haijakauka vizuri, ashukuriwe Mungu.

Behewa la chakula lilichukua majuma matano. Jiko liko upande mmoja na ujia mwembamba unapita kando yake, kisha meza huku na huku. Abiria waliitwa kula kwa zamu mbili. Mhudumu alipita ujiani akigonga kengele za vibao, ile ala ndogo kama marimba, na watu wakajua supu iko tayari. Wakati abiria wako mezani, wenzake walikuwa wakitandika vitanda vyumbani, hivi kwamba ukirudi umeshiba unakuta shuka zimenyooshwa. Babu alinionyesha jinsi ya kusimama: miguu mbali, nyonga imeegemea ukingo wa meza, bakuli halijazwi kupita nusu, na supu humiminwa treni ikiwa imenyooka, kamwe si kwenye kona. Alijua kila kona kwa miguu yake. Kwa hiyo meza zangu nimezipa ukingo wa kuegemea uliochongwa kwa kijiti cha kibiriti. Hakuna atakayeuona. Yeye aliutafuta moja kwa moja.

Nikamwuliza behewa hilo likae wapi katika msafara. Akasema mpangilio haukuwa mmoja kila usiku, ila wao walipenda liwe karibu na daraja la kwanza na la pili ili sinia zisisafiri mbali. Nimefuata hivyo. Msafara wangu una injini, daraja la tatu, la pili, la chakula na la kwanza. Treni halisi ilikuwa ndefu zaidi, lakini mbao zina mwisho.

Magurudumu yalikuwa balaa. Nilijaribu vifuniko vya soda, vikateleza. Gurudumu la treni si duara tu. Lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisitoke relini, na uso wake umeinama kidogo kama koni. Mwinamo huo ndio unaolirudisha gurudumu katikati lenyewe linapoelekea kuacha njia. Fundi wa kukereza mbao pale mjini alinikerezea 24 kwa bei ya kirafiki, na ekseli nikatumia spoku za baiskeli. Spoku zikipita kwenye mrija wa kalamu ya bairo iliyokwisha wino zinazunguka laini kabisa. Kalamu zenu zilizopotea Kidato cha Tatu Mashariki msizitafute.

Reli ni ukanda wa bati uliokunjwa na kusimamishwa juu ya mataruma ya mbao. Kila baada ya sentimita 30 nimeacha pengo jembamba kwa makusudi, kama viungo vya reli halisi. Ukiiona utadhani ni uzembe. Lakini bila mapengo hayo treni haisemi. Pamoja nayo, kila seti ya magurudumu ikipita unasikia ta-ta, ta-ta, na ukiweka kiganja juu ya ubao unaisikia ikija kabla haijakufikia.

Mota nimeitoa kwenye redio kaseti mbovu. Treni halisi ilitumia kama saa 13 kwenda kilomita 530, yaani wastani wa kilomita 40 kwa saa. Ukigawanya kwa 40 na kubadilisha vipimo, treni yangu yapasa kwenda sentimita 28 kwa sekunde. Mota inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu treni inaruka ukutani, nimeshuhudia. Nimeipunguza kwa makapi mawili na mikanda ya mpira ya hiyo hiyo kaseti, kapi dogo likizungusha kubwa. Hata hivyo msafara wenyewe una urefu wa zaidi ya mita mbili, kwa hiyo kati ya Nairobi na Mombasa yangu kuna safari ya sekunde sita. Chekeni tu.

Taa ni vitone vya tochi mbovu nilivyovipaka rangi ya manjano, betri zimefichwa kwenye daraja la tatu. Hizo si za Babu, ni zenu nyinyi, na za Nyanya ambaye husema zinampendeza.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipo, na mwalimu wetu mlezi aliniuliza sababu. Nilikuwa nimechora daraja, maana njia ile ina madaraja, na lile la Tsavo linajulikana kote kwa habari za simba wa mwaka wa 1898. Lilikuwa liwe katikati ya ubao. Nilipomweleza Babu alinyamaza, kisha akaomba nisiliweke. Mwisho wa Januari mwaka wa 1993 mafuriko yalibomoa daraja karibu na Ngai Ndethya na treni ya abiria ikatumbukia mtoni usiku. Zaidi ya watu 100 walifariki. Babu hakuwa zamu usiku huo. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Mahali pa daraja pana nyasi za katani zilizopakwa rangi, na reli inapita juu yake imenyooka.

Nilipompelekea treni mwezi wa Agosti, aliipapasa kuanzia injini. Hakusema neno mpaka behewa la chakula. Hapo akahesabu madirisha kwa kidole, moja moja, akafika mwisho akarudia. Nilikuwa nimekosea. Aliniambia limepungua moja upande wa jiko. Nikamwuliza ana hakika, maana si alisema ameanza kuyasahau. Akasema, "Sasa nina hakika." Nimekwisha kulikata.

Kazi haijaisha. Behewa la daraja la tatu bado huacha njia likifika karibu na Mombasa, nafikiri ekseli moja imepinda. Kengele za vibao nimezitengeneza kwa vipande vinne vya bomba la alumini la urefu tofauti, lakini Babu anasema sauti ya tatu iko juu mno, na kila nikipunguza inakuwa chini mno. Anayejua muziki na anisaidie. Treni iko chumba cha chama, rafu ya chini, na kila Ijumaa baada ya michezo huwa naifungua. Karibuni. Mnaweza kuigusa, mradi mikono iwe mikavu, na aliye na redio kaseti mbovu nyumbani asiitupe.